Kona Alizozikariri

Mume wangu aliijua barabara ile ya makorongo kabla hajakanyaga Marekani. Aliijua kona kwa kona. Miezi mitatu kabla ya safari, kila akitoka kazini alikuwa anaoga, anakunywa chai yake, kisha anakaa chini kwenye zulia pale sebuleni kwetu Woolwich, London, miguu kaikunja, pua nusura iguse televisheni, anatazama video za dereva mmoja asiyemjua aliyefunga kamera kwenye kioo cha mbele cha gari. Saa nzima mtu anaendesha tu. Haongei, hapigi muziki, ni lami na miamba myekundu mwanzo mpaka mwisho. Nikipita na kapu la nguo namwambia, "Mnyamwezi, kochi tulinunua la nini? Au kipofu wewe?" Naye bila kugeuka ananijibu, "Mzaramo, nipishe, unaniziba korongo."

Niseme kidogo kuhusu hilo neno kipofu, maana linaniuma mpaka leo. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa Tabora, na makabila yetu ni watani. Mtani anaweza kuja kwenye msiba wa baba yako akaigiza jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, na wewe huruhusiwi kununa. Ndoa yetu ya miaka ishirini na sita ilijengwa juu ya utani huo. Kwetu hakuna kitu kilichosemwa kwa uso mkavu. Alipomimina chai pembeni ya kikombe nilimwita kipofu. Alipomsalimia mwanamke mwingine sokoni akidhani ni mimi, nilimwita kipofu wiki nzima, na nikawapigia simu ndugu zake Tabora nao wapate kucheka.

Halafu kulikuwa na "nisomee." Barua ikianguka mlangoni, nisomee. Ujumbe wa simu, nisomee. Mimi nikajua ni ubwana tu, mwanamume katulia kwenye kiti chake mke anamhudumia, na nilikuwa nanung'unika huku nasoma. Kati ya barua hizo, kila mwaka ilikuja moja ya kumwita akapigwe picha ya macho, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari na sukari hula macho polepole. Nilimsomea. Akasema sawa, nitakwenda. Siku ikifika anavaa koti, anatoka, anarudi, namuuliza wamesemaje, ananijibu wamesema Wazaramo waache maswali.

Na mimi kazi yangu ni kutunza wazee. Pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wananisifu kwa jicho. Mzee akianza kula nusu ya sahani na kuacha nusu nyingine, mimi ndiye wa kwanza kusema huyu hashibi mapema, huyu haoni upande mmoja. Ya watu nayaona. Ya nyumbani kwangu niliyacheka.

Yeye ni dereva wa basi. Njia ileile moja ya kusini mwa London, miaka kumi na moja. Aliijua kila shimo, kila taa, kila kituo ambacho bibi fulani huchelewa na kupunga mwavuli. Likizo za madereva hupangwa na depo, na safari hii walimpa Januari. Mtu mwenye akili angekwenda Dar akaote jua. Yeye akataka makorongo ya Utah, kwa sababu baba yake alikuwa fundi cherehani na dukani kwake palining'inia kalenda yenye picha ya miamba myekundu, mwaka ukapita, mingine ikapita, kalenda haikuondolewa. Alikua akiitazama. Nikasema haya, twende tukaone shimo. Binti yetu alitupangia safari nzima kwenye simu yake, na katika karatasi za gari la kukodi akaandikisha majina yetu wote wawili. Nikamuuliza mimi wa nini, mimi naendesha kwenda dukani tu na kurudi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao waliozaliwa huku, kwamba huwezi kujua.

Ufunguo wa nyumba tukamwachia jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee mmoja Mghana mwenye gari la kijivu ambalo limeegeshwa mbele ya dirisha la jiko letu tangu tuhamie pale.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu, na nasema hivyo bila kinyongo. Tuliteremka Las Vegas, tukachukua gari, na asubuhi ya kesho yake tukaingia jangwani. Mbingu ilikuwa ya buluu mpaka inaumiza, theluji imekaa juu ya mawe mekundu, na baridi yake kavu si kama ya London inayokuingia mifupani. Mume wangu kashika usukani anatangaza kama yuko redioni. "Sasa daraja jembamba." Na daraja linatokea. "Sasa kona ya kulia, ndefu, halafu kuna mwamba kama chungu kilichopinduliwa." Na chungu hicho hapo. Nilimrekodi nikamtumia binti yetu. Nilijivuna, wallahi. Nilisema moyoni, mume wangu huyu akikipenda kitu anakipenda kweli.

Siku ya pili ilianza kuniwasha kabla hatujatoka. Kwenye mkahawa wa kijiji tulimolala alipewa orodha ya vyakula akaiweka mezani bila kuifungua. "Nitakula unachokula wewe," akasema. Huyu ni mtu anayegombana na mhudumu kwa yai lililoiva sana. Tulipotoka, ngazi zilikuwa na theluji, akaniwekea mkono begani akashuka nami ngazi moja moja. Miaka ishirini na sita hajawahi kunishika mbele za watu. Nikajiona bibi harusi. Mjinga mimi.

Baada ya saa moja barabarani palikuwa na bango la rangi ya machungwa pembeni, kubwa, lina maandishi meusi, sikuwahi kumaliza kulisoma. Akalipita kwa mwendo uleule. Likaja la pili.

"Umeliona lile?" nikauliza.

"Nimeliona."

"Limesemaje?"

"Limesema Wazaramo wafunge mikanda."

Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Tukaikata kona, na katikati ya barabara akasimama mwanamume kavaa koti la machungwa, kainua kibao mkononi, nyuma yake lori limeziba njia. Nilimwona mapema. Nikangoja breki. Nikangoja tena. Mtu yule akaanza kurudi nyuma, na mimi mguu wangu ukakanyaga sakafu kana kwamba breki iko kwangu. Ndipo mume wangu akashtuka, akakanyaga, gari likaserereka kidogo na kusimama hatua chache mbele ya koti lile.

Yule bwana alikuja dirishani kabadilika uso, lakini akasema kwa adabu. Mawe yameporomoka mbele, barabara imefungwa. Turudi nyuma kidogo, tushike njia ya pembeni inayopanda mlima, ni maili arobaini, twende polepole kwa sababu haijasafishwa theluji yote. Na tusichelewe, akasema, jua huku likishuka, njia inaganda.

"Njia hiyo ina video?" nilimtania tulipogeuza gari.

Hakunijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mume wangu kuuacha utani wangu uanguke chini bila kuudaka.

Njia ile ilikuwa nyembamba, haina ukuta wala chuma pembeni, mlima uko upande wake na korongo liko upande wangu. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo mimi abiria ndiye niliyekalia shimo. Nikitazama chini naona miti midogo kama mchicha, na ile si mchicha, ni misonobari. Yeye mikono yote miwili kwenye usukani, kifua kakisogeza mbele, shingo kainyoosha. Gari linatambaa. Theluji nyeupe, mwanga mweupe, kingo hazionekani vizuri hata kwangu.

"Nisomee vibao," akasema.

"Kwa nini?"

"Nisomee tu, mama."

Aliponiita mama badala ya Mzaramo, nikaacha kuuliza. Nikaanza kusoma. Kona kulia. Polepole. Mawe yanaanguka. Nilisoma kwa sauti kama ninavyowasomea wazee wangu kazini, na yeye akakata kona alipoambiwa. Maili kama kumi hivi tulikwenda namna ile, mimi macho, yeye mikono, na hakuna aliyesema tunafanya nini.

Halafu nikainama kuokota chupa ya maji iliyodondoka miguuni mwangu. Sekunde ngapi hizo. Nilipoinua kichwa barabara ilikuwa inakwenda kushoto na sisi tulikuwa tunakwenda mbele.

"Kushoto! Baba, kushoto!"

Akakata usukani na kukanyaga breki kwa pamoja. Gari likayumba, nyuma ikatangulia upande, tairi la chini yangu likaanza kusaga changarawe, nikasikia mawe yakiteremka korongoni, moja, jingine, kisha mengi. Tukasimama. Mlango wangu ulikuwa unaning'inia hewani. Nikiufungua hapana pa kukanyaga. Injini inaunguruma. Hakuna aliyegusa kitu.

Nilimuuliza taratibu. "Mbele yetu kuna nini?"

"Barabara."

"Na nini tena?"

"Theluji."

Mbele yetu, hatua kama kumi, kilisimama kibao cha njano kikubwa kama mlango, kina mshale mweusi unaoelekea kushoto.

"Hicho kibao kina nini?"

Akageuza kichwa polepole, kulia, kisha kushoto, kama mtu anayesikiliza. "Kibao kipi?" akasema.

Sikulia. Hasira ndiyo iliyonipanda, ikanipasha moto mpaka masikioni. Nikamuuliza tangu lini. Akasema mwaka jana. Halafu akasema mwaka juzi, lakini kidogo. Katikati pamekuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi, pembeni anaona. Nikamuuliza zile picha za macho, barua nilizomsomea kwa mdomo wangu huu.

"Sikwenda. Nilikuwa nakaa kwenye benchi pale sokoni mpaka muda upite."

"Kwa nini?"

"Wangenitoa kwenye basi."

"Na abiria je?"

Mimi niliwaona. Niliwaona wale bibi na vitoroli vyao vya sokoni, watoto wa shule wanaogombania kiti cha mbele kwenye ghorofa ya juu ya basi, wafanya usafi wenzetu wanaolala vichwa vikigonga dirisha asubuhi wakitoka zamu. Wote hao amewabeba kwa kukariri. Nilimwambia maneno siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia amewapanga watu wote hao kwenye kamari bila kuwauliza, na mimi mkewe kaniweka kiti cha mbele.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Kila siku ulikuwa unaniita kipofu. Nilikuwa nangoja siku utakayoniita bila kucheka. Nilijua siku hiyo nitakwambia."

Hapo ndipo nilipolia.

Lakini hatukuwa mahali pa kulia. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa kilele cha mwamba, na yule bwana wa koti alishasema njia itaganda. Nikamwambia shuka. Akashuka upande wake, nami nikajiburuta juu ya gia mpaka kwenye kiti cha dereva, yeye akaingia kiti cha nyuma kama abiria. Mimi sijawahi kuendesha upande wa kulia. Sijawahi kuendesha juu ya theluji. Woolwich yenyewe nikiona basi naegesha linipite.

"Rivasi," akasema nyuma yangu, sauti imetulia kabisa, sauti yake ya kazini. "Usikanyage mafuta. Achia breki kidogo kidogo, gari litarudi lenyewe. Usukani wacha ulivyo."

Likarudi. Tairi likapanda tena lami.

"Sasa weka gia ya chini. Breki isahau. Injini yenyewe itakushikilia. Ukiona gari linateleza, tazama unakotaka kwenda, usitazame shimo."

Maili thelathini. Sikuwahi kumjua mume wangu kama nilivyomjua maili zile. Alisikia injini ikikaza akaniambia kuna mteremko kabla sijauona. Alisikia tairi likibadilika sauti akasema hapa pana barafu, tulia. Sikumtania, hakunitania. Nikiwa nimeng'ang'ania usukani nikamwambia, "Tukifika London unawaambia." Akasema nitawaambia. Nikasema apa. Akaapa. Tulifika penye nyumba ya wageni jua ndio linazama, na vidole vyangu ilibidi avibandue yeye kwenye usukani, kimoja kimoja.

Kesho yake tuliliona korongo lenyewe, lile la kalenda. Alisimama kwenye ukingo wenye vyuma akanieleza kila kitu kilichopo, mstari wa mwamba mweupe, mto chini, kivuli kinavyokaa. Alikuwa ananieleza ukuta wa duka la baba yake. Mimi nikamwongezea kwamba kuna ndege mweusi anazunguka chini yetu, mgongo unang'aa. Akasema, ndege hakuwamo. Akafurahi sana kupata ndege.

Njia yote ya kurudi niliendesha mimi.

Sasa London. Tulirudi Ijumaa. Jumapili mchana nilikuwa mezani jikoni, nimeweka mbele yangu fomu ya ofisi ya leseni, ile ya kueleza ugonjwa wa macho, na nimeshajaza jina na anwani. Yeye akaingia na meza ya pasi. Akaifungua, akachomeka pasi, akatandaza shati lake la kazi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Kesho naingia saa kumi na moja alfajiri."

"Uliapa."

"Kule kulikuwa na theluji. Mwanga ule unampofusha hata tai. Hapa naona." Anaongea huku anapiga pasi kola, mbele nyuma, mbele nyuma. "Niache mpaka katikati ya mwaka, daktari wa madereva atanipima, akisema hapana nitaacha. Miezi michache tu, mama."

"Nitawapigia mimi."

Pasi ikasimama. "Utanichongea?"

"Nitakuchongea."

Tukatazamana, au mimi nilimtazama. Nilikuwa naogopa kuliko kule mlimani, kwa sababu kule shimo lilikuwa la sote wawili. Hapa nilijua nikipiga simu ile huenda nikabaki na nyumba isiyo na mume, na nisipopiga, kila king'ora cha gari la wagonjwa nitakachosikia kitakuwa changu.

"Haya," akasema, akaja dirishani kwa kishindo. "Sheria inasema usome namba ya gari kwa umbali wa mita ishirini. Chagua gari lolote. Nikishindwa, jaza karatasi yako."

Nikatazama nje. Kulikuwa na magari manne. Nilichagua kwa makusudi, na sijutii. "La jirani," nikasema. "Lile la kijivu."

Akasoma. Hakukunja hata uso. Herufi, tarakimu, herufi, haraka na safi, kama mtoto wa madrasa anayetoa sura aliyoihifadhi. Kisha akanigeukia, na kwenye uso wake kulikuwa na ushindi ambao ulinivunja moyo.

"Sahihi," nikasema. "Hiyo ni namba ya gari lake la zamani. Aliliuza tulipokuwa safarini. Kaniambia juzi nilipokwenda kuchukua ufunguo. Hili ni jingine. Rangi tu ndiyo ileile."

Alibaki dirishani. Pasi ilikuwa imesimama nyuma yake inatoa mvuke. Basi likapita mwisho wa mtaa, akaligeuzia sikio, akalisikiliza likiondoka kituoni. Kisha akachomoa pasi ukutani, akavuta kiti, akakaa mbele yangu.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea maswali, moja baada ya jingine, nayo si machache. Alijibu yote kwa sauti ileile ya mlimani. Tulipofika pale wanapouliza kama unaweza kusoma namba ya gari kwa umbali ule, aligeukia dirisha.

"Andika hapana."

Nikaandika.

"Umeandika vizuri?"

"Si uje usome mwenyewe, kipofu wewe," nikasema. Ulimi wangu uliteleza kabla sijaushika. Nikaziba mdomo kwa mkono.

Akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaivuta karatasi, akainama mpaka pua ikagusa meza, akaligeuzia jicho pembeni lile neno moja, akalisoma, akachukua kalamu mkononi mwangu akatia sahihi.